Nyumba ya Katikati

Karani wa sensa alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vilivyojaa vumbi, na mpaka hapo alikuwa ameuliza mengi bila kuinua macho kutoka kwenye fomu zake. Wangapi wanaishi humu. Nani amesoma mpaka wapi. Choo kiko ndani au nje. Mama Pasi alimjibu yote huku akiendelea kunyoosha mashati ya watu kwenye meza ya barazani, kwa sababu mkaa uliokwisha kukolea haumngoji mgeni, hata awe ametumwa na serikali.

"Sakafu ni ya nini?" karani aliuliza.

"Vigae."

Binti alichungulia ndani ili ahakikishe, akabaki anachungulia. Vigae vilikuwepo kweli, ila havikuwepo vitano vilivyofanana mahali pamoja. Vyekundu, vya kijivu, vyenye maua, vyeupe vya bafuni, vyeusi vya benki. Marehemu mume wa Mama Pasi alikuwa fundi mwashi, na kila kazi aliyoimaliza alirudi na mabaki kwenye mfuko wa saruji, mpaka nyumba yao ya vyumba vitatu ikawa na sakafu za matajiri kumi na sita. Alikuwa akizitaja moja moja kwa wageni: hapa umekanyaga kwa daktari, pale umekanyaga kwa meneja wa benki, vua viatu.

"Nyumba ni ya kwenu au mmepanga?"

"Ya kwetu."

Nyuma ya pazia la mlango, mama mkwe alikohoa. Alikuwa mzee mwenye kukohoa kwa sababu mbili, kifua na maoni, na baada ya miaka kumi na minne ya kuishi naye Mama Pasi alikuwa anazitofautisha bila shida. Kikohozi hiki hakikuwa cha kifua.

"Kama mngeiuza leo, mnadhani ingeuzwa kwa bei gani?"

Mama Pasi aliinua pasi, akaituliza kwenye kipande chake cha kigae.

"Nani kasema tunauza?"

"Hakuna aliyesema, mama. Ni swali tu. Kila mwenye nyumba anaulizwa."

Bahati mbaya alikuwepo aliyesema. Kiwanja kile kilinunuliwa miaka kumi na miwili nyuma, wakati mwashi akiwa kwenye ujenzi wa mbali, siku mbili za safari. Hela alizituma nyumbani, kaka yake mkubwa akazipeleka kwa muuzaji, na kwa kuwa muuzaji alitaka jina palepale, kaka akaandika la kwake. Tutabadilisha, walisema. Hawakubadilisha, kwa sababu ndugu wanaopendana huona haya kukumbushana karatasi. Kisha jukwaa la ujenzi likamwangusha mwashi kutoka ghorofa ya tatu, na miezi mitano baada ya maziko kaka mtu akaja kumwambia mjane kwamba amepata mnunuzi wa milioni nane, na kwamba mwisho wa mwezi itabidi apishe. Mwenyekiti wa mtaa alisoma ile karatasi mara mbili, akasema jina ni jina. Wakili alitaka malipo ya kwanza yanayolingana na mashati elfu moja na mia mbili. Mama Pasi aliyapigia hesabu akiwa bado amekaa kwenye kiti cha yule wakili.

Mtoto hakujaliwa. Ndiyo maana watu wa mtaa, ambao lazima wamwite kila mwanamke mama wa kitu fulani, walimpa pasi iwe mwanawe.

Wazo lilimjia hapo barazani, na kwa wakati ule halikuonekana la kijinga hata kidogo. Ikiwa serikali yenyewe imetuma mtu kuandika bei ya nyumba, nani atathubutu kuiuza chini ya bei hiyo?

"Andika milioni thelathini," alisema.

Kwa mara ya kwanza karani aliinua macho. Aliangalia mabati yenye kutu, akaangalia ukuta uliopigwa lipu upande mmoja tu, ule unaoonekana kutoka barabarani.

"Thelathini, mama?"

"Thelathini. Kuna tatizo?"

"Hapana. Tunaandika mnachosema."

"Na mkishaandika?"

"Imeandikwa," karani alisema, akafungua ukurasa mwingine.

Alipomaliza alitoa chaki, akapanda kwenye stuli, akaandika 117 juu ya mlango, akampa Mama Pasi kikaratasi chenye muhuri, akaenda nyumba ya pili. Mama Pasi alisimama uani akiitazama ile namba. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na ilikuwa juu ya mlango wake.

"Milioni thelathini," mama mkwe alisema kutoka ndani. "Hata wakituuza na sisi tumo humu, hawafiki."

*

Shemeji alikuja Jumatatu, na kama kawaida alikuja na mfuko wa mashati. Kwa miaka yote hiyo mashati yake yalinyooshwa bure, kwa kuwa ni shemeji. Hakuona sababu ya kuacha sasa, na ajabu ni kwamba Mama Pasi naye hakuwahi kupata maneno ya kumwambia aache. Siku hiyo alifuatana na mnunuzi, mtu mnene mpole ambaye watu walimwita Bwana Stoo, kwa sababu kila nyumba aliyoinunua aliigeuza kuwa stoo ya magunia. Bwana Stoo alipita vyumbani akipima kwa hatua. Kwenye vigae vya meneja wa benki alisimama, akasema sakafu ni imara, itabeba mzigo.

"Shemeji," Mama Pasi alisema, "nyumba hii huwezi kuiuza milioni nane."

"Tulishaongea hayo."

"Hatukuongea haya. Serikali imekuja. Imeandika milioni thelathini. Namba hiyo hapo juu."

Shemeji aliangalia juu ya mlango. "Serikali imeandika, au wewe umeandikisha?"

"Imeandika. Nimepewa karatasi ya muhuri."

Aliyeshtuka zaidi ni Bwana Stoo. Huyu alishawahi kuitwa na watu wa kodi kuhusu nyumba aliyoinunua kwa bei moja na kuiandikisha kwa nyingine, na tangu siku hiyo neno serikali lilimtoa jasho. Alijifuta shingo kwa leso.

"Kaka," alimwambia shemeji, "kama wao wanajua ni thelathini, na mimi nikanunua nane, siku wakinikamata utakuja kunieleza wewe?"

"Huyu mwanamke anatutisha tu."

"Basi atutishe kwa karatasi. Kuna cheti chake lazima, ofisini kwao. Akileta kinachosema thelathini, mimi nimejitoa. Asipoleta, tunamaliza biashara. Ijumaa nitarudi."

Shemeji alikubali, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Wakati wa kutoka aliuacha mfuko mezani. "La bluu nalihitaji Jumapili, shemeji," alisema kwa sauti ya chini kidogo kuliko siku zote, na katika ile sauti ya chini Mama Pasi alisikia kitu ambacho hakukisikia tangu mumewe afe. Alisikia kwamba ameogopwa.

Mawingu yalitanda jioni hiyo. Alipanda kwenye stuli akiwa na kipande cha nailoni na misumari minne, akaifunika ile namba ya chaki isije ikanyeshewa. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini akimtazama.

"Mama," Mama Pasi alisema akiwa na msumari mmoja kati ya meno. "Wewe ulikuwepo wakati kiwanja kinanunuliwa."

"Nilikuwepo wapi? Mimi nilikuwa mgonjwa mwaka huo."

"Hela zilipitia kwako."

Mzee alikohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa kirefu, mpaka Mama Pasi akashuka kumletea maji. Alipomaliza kuyanywa alilalamika kwamba yana moshi, na mazungumzo yakaishia kwenye mtungi.

*

Ofisi ya takwimu ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lenye lifti isiyofanya kazi. Mama Pasi alivaa gauni lake la maziko, kwa sababu ndilo zuri, akalinyoosha mpaka mikunjo ya bega ikakaa kama kisu. Kwenye benchi la kungojea walikuwepo watu sita na yeye akawa wa saba. Karibu wote walikuwa makarani wa muda waliofuata posho zao, wenye sura za watu walioambiwa kesho mara nyingi. Mmoja tu alikuwa muuguzi, bado amevaa sare yake ya kazini.

Ofisa alikuwa mzee mchangamfu mwenye miwani, na jambo la kwanza Mama Pasi aliloliona ni kwamba kola yake imepigwa pasi na mtu asiyejua, imemeremeta kwa moto mwingi. Alimweleza shida yake akiwa amesimama. Alitaka cheti cha nyumba namba 117, kinachosema milioni thelathini.

"Hatutoi cheti, mama."

"Nakala basi. Ya ile fomu."

"Hiyo ndiyo hatutoi kabisa. Majibu ya mtu ni siri. Hata rais akija hapa kuuliza wewe umejibu nini, simwambii."

"Lakini mimi sijaficha. Ni majibu yangu. Namruhusu kila mtu ayaone."

"Hata wewe mwenyewe sikuonyeshi." Ofisa alisema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyetunza siri za watu miaka thelathini na hakuna aliyempongeza. "Fomu yako inaingia kwenye mashine, jina linatoka, inabaki namba. Na hiyo namba yenyewe haitangazwi. Tutatangaza moja tu, ya mtaa mzima."

"Moja gani?"

"Ya nyumba ya katikati."

Hakuelewa, na ilionekana. Ofisa aliangalia saa, akaona kuna muda, na watu wanaopenda kazi yao ni hatari wakipata muda. Alitoka kwenye meza yake, akawaambia wote saba wa kwenye benchi wasimame.

"Tusaidiane dakika moja. Jipangeni, mfupi huku, mrefu kule."

Walijipanga wakicheka. Mama Pasi alikuwa mrefu kuliko wanaume wote waliokuwepo. Mumewe alikuwa akimtania kwamba alimuoa ili asinunue ngazi. Akasukumwa mwisho kabisa wa mstari, karibu na dirisha.

"Hesabuni. Wa nne kutoka huku ni nani? Ni wewe, muuguzi. Wa nne kutoka kule? Wewe tena. Basi wewe ndiye wa katikati, watatu chini, watatu juu. Nikiulizwa urefu wa watu wa benchi hili, namtaja muuguzi. Nyumba nazo tunazipanga hivyohivyo, ya bei ndogo huku, ya bei kubwa kule, tunachukua ile ya katikati."

"Kwa nini msijumlishe zote mgawanye?" aliuliza mtu mmoja, mwalimu kwa sura.

"Kwa sababu ya huyu." Ofisa alimwonyesha Mama Pasi. "Mama, tafadhali panda juu ya kiti."

"Mimi?"

"Kidogo tu."

Alivua viatu, akapanda. Kichwa kilikaribia feni, na watu kwenye mstari wakaangua kicheko, bila ubaya. Soksi yake ya mguu wa kushoto ilikuwa na tundu, na kwa pale juu kila mtu aliweza kuliona.

"Haya. Huyu sasa amekuwa jitu. Wa katikati ni nani?"

"Muuguzi," walisema.

"Ni yuleyule. Tungejumlisha na kugawanya, huyu mmoja angetuvutia wote juu. Ndiyo maana tunachagua wa katikati. Kuna mtu ana ghorofa, kuna mtu anataja bei ya ndotoni. Wakae huko mwisho na bei zao, hawatuvurugi. Umeelewa, mama?"

Mama Pasi alikuwa ameelewa vizuri kuliko wote. Alisimama juu ya kiti na milioni zake thelathini, na akaona jinsi ambavyo angeweza kusema sitini, au mia, au mia tano, na hakuna kitu ambacho kingesogea.

"Na ya kwangu mkiitoa?" aliuliza. "Mkiitoa kabisa?"

Ofisa alifikiri kwa uaminifu. "Nyumba ziko nyingi, mama. Hata haitajulikana."

Alishuka, akavaa viatu. Mlangoni aligeuka akamuuliza kama basi yule karani angeweza kuja kusema tu kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba aliandika. Ofisa alisema angefukuzwa kazi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya na aliona uso wa yule mwanamke umekuwaje, akamuuliza ana shida gani hasa. Mama Pasi alimwambia ana nyumba inayouzwa. Ofisa alifurahi kusikia hivyo, akamtakia bei nzuri.

*

Ijumaa walikuja saa nne. Mama Pasi alikuwa na siku mbili za kufikiri, na zote mbili alizitumia kukitazama kile kikaratasi alichopewa na karani. Kilikuwa na nembo juu na muhuri wa bluu chini. Ukikitazama kwa mbali, hakikuwa na upungufu. Alikipiga pasi polepole juu ya kitambaa mpaka kikanyooka, akakiweka ndani ya bahasha.

"Cheti kiko wapi?" shemeji aliuliza kabla hajakaa.

Alimpa Bwana Stoo ile bahasha kwa mikono miwili. Alijua kinachofuata, na bado moyo ulimdunda kwa tamaa, kwa sababu Bwana Stoo alikuwa mtu wa kuogopa mihuri, na mtu anayeogopa anaweza kuogopa hata kisichotisha. Bwana Stoo alikitoa kikaratasi, akakisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti.

"Kaya yako imehesabiwa. Asante kwa ushirikiano wako. Tafadhali mwonyeshe karani mwingine atakayefika, ili usihesabiwe mara mbili."

Alikigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Thelathini iko wapi?" aliuliza. Hakuuliza kwa dharau. Aliitafuta kweli.

"Iko kwao," Mama Pasi alisema. "Ni siri."

Shemeji alicheka kicheko kirefu cha mtu ambaye wiki nzima hakulala vizuri. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akapanda juu ya stuli, akaing'oa nailoni na misumari yake minne, akaifikicha chaki kwa kidole gumba kuona kama inatoka. Ilitoka. Kidole chake kikawa cheupe.

"Serikali yako hii hapa," alisema.

Bwana Stoo hakucheka. Labda tuseme kwa haki kwamba alikuwa na chembe ya aibu, au labda alitaka tu kujilinda. Aligeukia pazia la mlango, ambako mama mkwe alikuwa amekaa na shuka magotini.

"Mama, wewe ndiye mzazi wa wote wawili. Mimi sitaki laana ya mtu. Kiwanja hiki alikinunua nani?"

Mama Pasi alimtazama mzee yule ambaye alimwogesha wakati hawezi kusimama, ambaye chai yake ilichujwa mara mbili kwa sababu hakupenda majani, na alimtazama bila kuficha kitu, alimwomba kwa macho. Shemeji naye alimtazama mama yake. Mmoja wa wanawe alikuwa chini ya udongo na hangeweza kumfanyia chochote tena. Mwingine alikuwa amesimama hapo, mzima, na kidole cheupe.

"Mimi mambo ya karatasi siyajui," mama mkwe alisema. "Muulizeni mwenye karatasi."

Hapo biashara ilikwisha. Bwana Stoo alipunguza nusu milioni kwa ajili ya usumbufu, shemeji akabishana kidogo kwa kulinda heshima, wakapeana mikono kwenye milioni saba na nusu. Mama Pasi alipewa siku tisa.

"Mashati yangu?" shemeji alikumbuka wakiwa wameshafika barabarani, akarudi.

La bluu lilikuwa bado. Alisema atalingoja. Alikaa kwenye kigoda cha barazani akiangalia watu wakipita, na Mama Pasi akalitandika mezani, akalinyunyizia maji, akachukua pasi. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri. Ingetosha kuiacha kidogo tu mgongoni, ahesabu mpaka kumi. Aliwaza hivyo, na mkono ukaenda wenyewe kama ulivyozoea, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, na katika maisha yake hajawahi kulinyoosha shati vizuri kama alivyolinyoosha lile. Baadaye alijichukia kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

*

Chumba alichopanga kilikuwa mtaa wa tatu kutoka hapo, nyuma ya karakana ya magurudumu. Sakafu ilikuwa ya saruji tupu. Wiki ya pili shemeji alikuja na gari la kukodi, akamshusha mama yake na godoro lake. Kwake pamejaa, alisema, watoto wamekua, ni kwa muda tu. Mama mkwe alisimama mlangoni akiwa ameshika mto wake, asijue kama ataruhusiwa kuingia. Mama Pasi alimpokea mto. Hakufanya hivyo kwa wema. Hakuwa na nguvu ya kusema hapana, na mtu alikuwa amesimama juani.

Kitanda kilikuwa kimoja, wakalala wote wawili. Waliongea mambo ya chumvi na maji. Siku moja Mama Pasi alipita kule kwao kupeleka nguo za mteja, akaona Bwana Stoo amebomoa ukuta wa mbele ili mikokoteni ipite. Mlango wa zamani, pamoja na fremu yake, ulikuwa umelazwa juu ya mtaro uwe daraja. Wapakuzi walikuwa wakipita juu yake na magunia. Namba ilikuwa bado inaonekana kidogo, moja na moja, ile saba imeshakwenda.

Mwezi wa pili alikuja mtu mwingine wa sensa, mzee mwenye mkoba. Alieleza kwamba ni wa uhakiki. Wanarudia mitaa michache, kuona kama hesabu ya kwanza ilikuwa sawa.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

Mama Pasi aligeuka kutazama kitandani.

"Ni huyu," mama mkwe alisema kutoka kitandani.

"Chumba ni chenu au mmepanga?"

"Tumepanga."

Mzee alilamba kidole, akafungua kurasa mbili kwa mpigo.

"Umeruka nini?" Mama Pasi alimuuliza.

"Mambo ya bei ya nyumba. Wapangaji hayawahusu."

"Muulize," mama mkwe alisema.

"Nini, bibi?"

"Muulize hiyo bei. Rudi nyuma." Mama mkwe alikuwa ameketi sasa, miguu yake myembamba ikining'inia, na hakuwa anakohoa. "Huyu alikuwa na nyumba. Kiwanja alikinunua mwanangu mdogo, mume wake. Hela zilikuja kwangu zikiwa zimefungwa kwenye soksi, nikazihesabu mwenyewe kitandani, nikampa mkubwa azipeleke. Mkubwa hakutoa hata senti. Andika hivyo. Mimi ni mama yao, naapa. Andika."

Mtu wa uhakiki aliishusha kalamu kwenye fomu. Aliitafuta nafasi kuanzia juu mpaka chini, akageuza, akaitafuta na nyuma.

"Bibi, hapa hapana pa kuandikia hilo."

"Andika pembeni."

"Pembeni hapasomwi," alisema kwa upole. Kisha akamgeukia Mama Pasi. "Maji mnapata wapi?"

"Tunanunua."

"Choo?"

"Cha nje. Tunashirikiana."

Alimaliza, akashukuru, akatoa chaki mfukoni akaandika namba juu ya mlango, akaenda chumba cha pili. Mama Pasi alibaki amesimama. Maneno aliyoyangoja miezi yote hiyo yalikuwa yamesemwa, yote, na senti na soksi, na yalikuwa bado yamo mle chumbani na wao wawili tu.

"Ameandika?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama."

Alichukua kitambaa kibichi cha kupigia pasi, akanyoosha mkono bila kuhitaji stuli, akaifuta ile namba mpaka mbao ikawa safi, kwa sababu mwenye nyumba alishawaonya wasimchafulie mlango.